Jabali la ufukweni: kabla hujampeleka mgeni kupanda, jua maji, jiwe na chuma

Hapa Kiembe Samaki ndege zinapita juu ya mabati yetu mchana na usiku, na kila inayotua inashusha watu wenye shughuli mbalimbali. Wako wanaokuja kujilaza kwenye mchanga. Wako wanaokuja kuzamia. Wako wanaovutwa na vishada juu ya maji kule Paje. Na mara mojamoja anashuka mgeni mwenye kamba ndefu kwenye begi na viatu vidogo vya soli ya mpira, na akifika kijijini anauliza: majabali ya kupanda yako wapi?

Swali hilo haliulizwi ofisini. Linaulizwa ufukweni, na anayeulizwa ni kijana mwenye ngalawa, muuza madafu, au papasi aliyemaliza skuli na bado hajapata kazi. Anaijua pwani yake tangu utotoni, na dola iko mbele yake. Atasema "twende". Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya wazee na majirani zake, maana wao ndio watakaoitwa mbio jambo likiharibika.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Kupanda miamba ya ufukweni ni mchezo wa kweli, unaheshimika duniani, na kuna pwani nyengine umelisha vijiji. Lakini jabali la Unguja lina mambo matatu ambayo mgeni hayajui, na ambayo mwenyeji ameyazoea kiasi cha kuyasahau: maji yanayojaa na kupwa, jiwe ambalo ni changa na limeliwa kwa chini, na chumvi inayokula chuma. Ukiyashika hayo matatu utajua lini pa kusema "twende" na lini pa kusema "hapa hapapandwi".

Mchezo wenyewe ukoje

Tuanze kwa kutenganisha. Kupanda miamba si sawa na kupanda Kilimanjaro. Kilimanjaro, kwa njia za kawaida, ni safari ya miguu ya siku kadhaa, na kazi kubwa ni ya mapafu na magoti. Mpanda miamba anatafuta ukuta uliosimama wima, wakati mwengine uliotokeza nje kama paa la baraza, akaupanda kwa vidole vya mikono na ncha za miguu. Ukuta wa mita 20 unaweza kumshughulisha kutwa nzima.

Kuna namna tatu zinazohusu pwani. Ya kwanza ni kwa kamba. Kwenye jabali hutobolewa matundu na kutiwa vyuma vifupi vyenye pete, vinavyoitwa bolti. Mpandaji amevaa mkanda wa kiunoni na mapajani. Kila akifika kwenye bolti anaipitisha kamba, na mwenzake aliye chini anaishika kamba hiyo kwa kifaa maalumu. Akiteleza, kamba inamnasa.

Ya pili ni kupanda mawe mafupi, ya mita tatu au nne, bila kamba, huku chini pametandikwa godoro nene la kuangukia. Ya tatu ni kupanda jabali lililo juu ya maji marefu bila kamba wala godoro. Ukishindwa unaangukia baharini. Mtindo huo wa tatu ulikua sana katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970.

Mchezo huu umefika hadi Olimpiki. Uliingizwa kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, ukarudi Paris mwaka 2024, ingawa huko hupandwa kuta za kutengeneza na si majabali.

Wala kupanda si kitu kigeni kwetu. Mkwezi anayeangua madafu na mchumaji karafuu aliye kwenye tawi jembamba wanaijua vizuri kazi ya kuushikilia mwili juu ya ardhi. Wanajua pia kwamba mti haupandwi kabla ya kutazamwa. Mkwezi mzoefu hugusa shina, huangalia makuti makavu, huuliza kama mvua imenyesha. Tabia hiyo ndiyo tunayotaka kuihamishia kwenye jabali.

Kwa nini mtu akae mwezi mzima kwa ajili ya mawe

Wengi wanashangaa: mtu ametoka Ulaya, ana wiki nne au sita, na kila siku anarudi kwenye ukuta uleule. Sababu ni mwili. Jiwe linakwangua ngozi ya vidole, na mishipa ya mkono inahitaji kupumzika. Kwa hiyo hupanda siku moja au mbili, kisha hukaa siku moja. Njia ngumu nayo hairuhusu kumalizwa kwa siku moja. Mpandaji huijaribu, huanguka, huondoka, hurudi, mpaka kila mshiko umkae akilini.

Hili lina maana kwa kijiji. Mgeni wa namna hii mara nyingi si mtu wa hoteli kubwa. Anatafuta chumba cha kupanga kwa wiki, anakula wali na samaki kwa mama wa jirani, anakodi baiskeli, anahitaji mashua ya kumpeleka na kumrudisha. Kwa siku anatumia kidogo, lakini siku zake ni nyingi. Na lenye faida zaidi, kama tutakavyoona mbele, ni kwamba anaweza kusubiri.

Railay, pwani iliyobadilishwa na kamba

Mahali panapojulikana zaidi duniani kwa kupanda miamba kando ya fukwe za joto ni Railay, mkoa wa Krabi, kusini mwa Thailand. Iko kwenye Bahari ya Andaman, ambayo ni sehemu ya Bahari ya Hindi hii hii yetu. Ipo bara, lakini hufikiwa kwa mashua tu, kwa sababu kuta za mawe zimeifunga upande wa nchi kavu. Katika vijiji vya pwani ya Krabi wanaishi Waislamu wengi, wavuvi na wakulima, na mtu wa Unguja angeyatambua mengi huko.

Watu wa pwani ile walikuwa wakipanda mawe kabla ya wageni. Katika kisiwa cha Phi Phi Leh, kwenye mkoa huohuo, wako waliopanda kuta za mapango kwa fito na ngazi za mianzi kukusanya viota vya ndege viliwavyo, biashara yenye bei kubwa kwa Wachina.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wageni walianza kutoboa njia za kupandia kwa kamba. Leo njia ni mamia. Vijana wa Kithai walijifunza, wakawa wakufunzi, kisha wakafungua skuli zao za kupanda na kukodisha vifaa. Wenye mashua ndefu za injini walipata abiria wa kila siku. Msimu wake ni wa kiangazi cha huko, kuanzia Novemba hadi Aprili, na wapo wanaokaa msimu mzima.

Ukiisikia habari hiyo, haraka unajiuliza: na sisi je? Fukwe tunazo, joto tunalo, majabali tunayo Mtende, Kizimkazi, Michamvi na Nungwi. Ni swali la haki. Kulijibu kunataka tuyachukue yale mambo matatu moja moja.

Kwanza maji

Bahari ya Unguja haina kimo kimoja. Siku za bamvua, yaani baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hufika karibu mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Watu wa Pingwe wanaionyesha vizuri kwa mgahawa wa The Rock, uliojengwa juu ya jiwe lililo baharini: mteja anaweza kuufikia kwa miguu maji yakipwa, na akatoka kwa mashua maji yakijaa.

Hapa kwetu siku za bamvua maji hujaa sana karibu na saa 10 alasiri na tena alfajiri, na hupwa sana karibu na saa 4 au saa 5 asubuhi. Ndiyo maana akina mama wa mwani wa Paje na Jambiani huwaona mashambani mwao wakati huo. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Jambo ambalo mgeni halijui ni kwamba maji hayajai kwa mwendo mmoja. Tangu kupwa hadi kujaa ni kama saa sita. Saa ya kwanza na ya mwisho maji huenda polepole, lakini saa ya tatu na ya nne huingia karibu nusu ya maji yote. Siku ya bamvua ya mita 4, hiyo ni kama mita 2 ndani ya saa mbili, kimo kinachompita mtu mzima.

Tuseme mmezunguka rasi ya mawe kwa miguu saa 4:30 asubuhi, maji yamepwa. Saa 6:30 mchana njia bado inaonekana kavu kiasi. Kufika saa 8:30, mlipopita pana maji ya kumfunika mtu, na mawimbi yanapiga kwenye jabali kali kama msumeno. Kwa hiyo kijana anayewapeleka watu nyuma ya rasi aweke saa ya kurudi kabla ya kuondoka, na saa hiyo isizidi saa moja baada ya maji kuanza kugeuka. Kama kazi haijaisha, warudi kesho au waende kwa mashua.

Na wale wa kuangukia baharini?

Vijana wa Forodhani wanaorusha makachu wanafahamu jibu. Ukutani pale hawajirushi wakati wowote. Wanangoja maji yajae. Mtu anayeanguka kutoka mita 5 hugonga maji kwa kasi ya karibu kilomita 36 kwa saa. Kutoka mita 10 ni karibu kilomita 50 kwa saa, mwendo wa bodaboda barabarani. Maji marefu yanauzuia mwili huo taratibu. Maji mafupi yanaukabidhi kwa mwamba.

Mahali penye kina cha mita 5 saa 10 alasiri siku ya bamvua panaweza kuwa na kina cha mita 1 kesho yake saa 5 asubuhi. Rangi ya maji haitoshi kukwambia. Kipimo ni kuzamia mwenyewe na miwani wakati wa maji mafupi, ukaona chini pana nini: mchanga, jiwe, au shokomzoba wenye miiba. Kisha urudi wakati maji yamejaa na mashua iwe karibu, maana jabali lililotokeza juu ya maji mara nyingi halina pa kupandia tena mtu aliyechoka.

Upepo nao uhesabiwe. Wakati wa kusi, pwani za kusini na mashariki hupigwa na mawimbi makubwa. Mahali palipokuwa shwari Februari panaweza kuwa pabaya Julai.

Pili jiwe

Ukisimama Mtende ukalitazama jabali kwa karibu, utaona maganda ya chaza, vipande vya matumbawe na chembe za mchanga vimeshikana. Hilo jiwe lilikuwa mwamba hai chini ya bahari. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Iliposhuka, mwamba ukabaki mkavu, na sehemu kubwa ya majabali ya ukanda wetu wa pwani yana asili hiyo. Jiwe la namna hii unalikuta pia Watamu na Mombasa nchini Kenya. Ngome ya Yesu imesimama juu yake.

Miaka 125,000 ni mingi kwa binadamu, lakini kwa jiwe ni utoto. Jiwe la Railay nalo ni la chokaa lililotokana na bahari, ila lina zaidi ya miaka milioni 250. Limekandamizwa na kufungamana likawa gumu, na kuta zake zinapanda makumi ya mita. Letu lina matundu, ni jepesi, na majabali yetu mengi ufukweni ni ya mita chache tu. Wapasuaji mawe na wachoma chokaa wanajua tofauti hiyo kwa mikono yao. Mji Mkongwe ulijengwa kwa jiwe hili kwa sababu linachongeka kwa urahisi na likichomwa linatoa chokaa. Sifa hiyo iliyomfurahisha mjenzi ndiyo inayomtia mashaka mpandaji.

Tazama tena umbo lake. Majabali mengi ya pwani yana mkato kwa chini, kama uyoga: shina jembamba na kofia pana. Mkato huo upo pale maji yanapojaa na kupwa. Mawimbi yanapiga, maji ya chumvi yanayeyusha chokaa kidogo kidogo, na wadudu wa baharini, konokono na shokomzoba, wanakwangua ukoga juu ya jiwe na kuondoka na chembe za jiwe lenyewe. Wanasayansi waliopima ulaji huu katika kisiwa cha Aldabra, Ushelisheli, ambacho kina jiwe la namna hii, walipata wastani wa karibu milimita 1 kwa mwaka. Milimita 1 ni kidogo sana. Lakini kwa miaka 1,000 ni mita nzima.

Kofia inabaki inaning'inia, na siku moja inavunjika. Mita moja ya ujazo ya jiwe hili ina uzito wa karibu tani 2. Haitoi taarifa kabla ya kuanguka, ila dalili zipo: ufa mrefu juu ya jabali sambamba na ukingo, vipande vyeupe vipya chini ambavyo bado havijaota ukoga, na sauti. Ukiligonga jiwe kwa jiwe dogo, zima hulia kwa ukali, na lililopasuka ndani hutoa sauti ya mtungi mtupu.

Hapa maneno hayamhusu mpandaji peke yake. Wako akina mama wanaookota chaza na watoto wanaovua pweza ambao hujikinga jua chini ya kofia hiyohiyo wakati maji yamepwa. Kivuli ni kizuri, lakini mkikiona kina ufa juu yake, tafuteni chengine.

Upande wa juu wa jabali nao una yake. Mvua imelichonga likawa na ncha na makali. Anayelishika kwa mkono mtupu anakatika, na anayeteleza juu yake anachanika. Jeraha la jiwe la pwani huwa na uchafu na chembe ndani, na huiva haraka. Lisafishwe kwa maji safi mengi na sabuni, chembe zitolewe, na likivimba au kutoa usaha mtu aende kituo cha afya bila kungoja.

Tatu chuma

Turudi Railay, kwa sababu somo la tatu walilipata wao kwa gharama.

Waliotoboa njia za mwanzo walitumia bolti za kawaida, kisha wakahamia kwenye chuma cha pua kisichoshika kutu, kile cha masufuria mazuri. Waliamini wamemaliza kazi. Baada ya miaka michache bolti zilianza kukatika, nyengine kwa uzito wa mtu mmoja tu. Cha kutisha ni kwamba nyingi zilionekana nzima kwa nje.

Kilichotokea ni hiki. Bolti iliyokazwa ndani ya jiwe ina mvutano wakati wote. Chumvi ya bahari na joto la nchi zetu huchochea nyufa nyembamba ndani ya chuma chenye mvutano, na nyufa hizo hukua kimya bila kutu kubwa kuonekana. Shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima, UIAA, lilitoa tahadhari kuhusu bolti za pwani za aina hiyo. Dawa iliyopatikana ni bolti za titaniamu, madini yasiyodhuriwa na chumvi ya bahari, zinazogandishwa ndani ya tundu kwa gundi maalumu. Bei yake ni kubwa zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapandaji wamekuwa wakizibadilisha njia za Railay moja baada ya nyengine, kwa michango.

Sisi hatuhitaji kwenda Thailand kuliamini hili. Fundi wa mashua anajua msumari wa kawaida haudumu baharini. Aliyejenga kwa mchanga wa pwani ameona nondo zikivimba kwa kutu na kuipasua zege. Kwa hiyo ukikuta chuma kimepigwa kwenye jabali, hata kiwe kinang'aa, na hujui nani alikiweka, lini, na cha madini gani, kichukulie kuwa hakipo. Na mgeni akitaka kutoboa jiwe lenu na kutia vyuma vyake, asifanye kwa makubaliano ya watu wawili ufukweni. Ataondoka baada ya mwezi, vyuma vitabaki, na watoto wa kijiji wataning'inia navyo miaka kumi baadaye.

Akianguka, nani analipa

Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar (ZIC). Hilo ni jambo jema, na ukimpeleka mgeni kwenye shughuli yoyote ya hatari mwambie aulize mapema kama shughuli hiyo imo katika bima yake.

Lakini msomaji angalia vizuri: bima hiyo ni ya mgeni. Kijana wa kijijini aliyetangulia mbele kumwonyesha njia, akapanda kwa ndara au miguu mitupu ili kufunga kamba juu, haimo. Akivunjika nyonga, gharama za gari, za dawa na za miezi ya kukaa kitako ni za mama yake na ndugu zake. Kutoka Makunduchi au Nungwi hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni safari ndefu kwa mtu aliyeumia mgongo, na pwani zenye majabali mengi ndizo zilizo mbali na barabara.

Sheria nayo ipo. Anayeongoza wageni kwa malipo anatakiwa awe amesajiliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Asiyesajiliwa, mambo yakiharibika, anajikuta na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Sehemu nyengine za pwani, kama Ghuba ya Menai, ni hifadhi na zina taratibu zake. Na yako majabali na mapango ambayo wazee wanayaheshimu kwa ibada na mizimu yao. Hayo si ya kuyapima kwa dola.

Kabla ya kusema twende

Tumeyakusanya mambo machache ambayo mtu anaweza kuyahifadhi kwenye simu.

Uliza mwezi uko siku ya ngapi, na maji yanapwa na kujaa saa ngapi leo. Weka saa ya kurudi na umwambie mtu aliyebaki kijijini.

Mjulishe sheha na kamati ya wavuvi mnakwenda wapi. Ni njia rahisi ya kupata watu wa kukutafuteni.

Litazame jabali kutoka mbali, kisha kutoka juu, kisha kutoka chini. Ukiona ufa, vipande vipya au kofia pana juu ya shina jembamba, hapo hapapandwi wala hapakaliwi.

Usitegemee chuma ulichokikuta. Usifunge kamba kwenye ncha ya jiwe la matumbawe. Makali yake hukata kamba ikisugua.

Kama mpango ni kuangukia majini, pimeni kina kwa kuzamia, mashua iwepo, na asiyejua kuogelea asipande, awe mgeni au mwenyeji.

Wewe mwongozaji usitangulie kupanda usichofundishwa. Kazi yako uliyolipwa ni kujua mahali, saa na njia. Mwenye viatu na kamba ni yeye.

Mtu akianguka akalalamika shingo au mgongo, asikokotwe wala asikalishwe. Kichwa na shingo vishikwe vikae sawa na mwili, abebwe na watu wengi juu ya ubao au mlango, na msaada uitwe mara moja kwa namba 112. Kama maji yanajaa na lazima ahamishwe, basi ahamishwe akiwa amenyooka, wote kwa pamoja.

Kazi gani basi inabaki

Kwa tuliyoyaeleza, Unguja haiwezi kuwa Railay ya pili. Mpandaji anayetaka kuta ndefu kwa kamba, mwelekeze bara na nchi jirani, kwenye mawe yaliyopikwa vyengine: Hell's Gate karibu na Naivasha na kilima cha Lukenya nchini Kenya, ambako watu wamepanda kwa miaka mingi. Hakuna aibu kumwambia ukweli huo. Atakuamini zaidi kwa mengine.

Yanayobaki kwetu si madogo. Yapo mawe mafupi yaliyokaa imara juu ya mchanga, yanayoweza kuchezewa na godoro chini. Zipo sehemu chache zenye kina, kwa saa chache za siku chache za mwezi, kwa mwenye mashua na anayejua kuzisoma. Ipo kazi ya kutembeza watu mapangoni na kwenye maweni, kuwaeleza jabali lilivyokuwa matumbawe na Mji Mkongwe ulivyotoka ndani yake. Hiyo ni kazi ya maarifa, na mwenye maarifa ni mwenyeji.

Na kumbuka mgeni huyu alikuja kukaa. Hana basi la kumrudisha hotelini jioni. Ukimwambia leo maji hayajafaa, tungoje bamvua ya mwezi mpevu siku nne zijazo, hatakasirika. Amezoea kungoja vidole vyake vipone. Siku hizo nne atalala kijijini, atakula kijijini, na atapanda mashua yako kwenda kuvua. Anayemharakisha kwa ajili ya dola za leo anajinyima siku nne, na anaweza kuwanyima wenzake msimu mzima, kwa sababu habari ya mtu aliyekufa ufukweni husafiri haraka kuliko ndege zinazotua hapa Kiembe Samaki.